Ngoma ya Mama Mkwe Ilivyoumuka

Wale mlioniacha Jumamosi iliyopita nimesimama nyuma ya ukumbi, beji shingoni na roho mkononi, njooni tuendelee. Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti. Balaa langu ni refu lakini nitalifupisha.

Mtaani naitwa Nusu Siku. Nilipewa jina hilo kwa sababu hakuna kazi niliyoianza asubuhi ikanikuta jioni. Ya mwisho ilikuwa kwa mwokaji mikate. Nilimfungia kwenye stoo ya unga bila kujua kwamba yumo, nikaenda zangu kunywa chai na ufunguo mfukoni. Alipotolewa alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, na hakunipa hata nafasi ya kuomba radhi.

Hayo ningeyacheka na kuyasahau kama si Fundi. Fundi ni msichana anayeshona nguo kwenye chumba cha mbele nyumbani kwao, na ndiye ninayetaka kumwoa. Yeye naye ananitaka, na mkishangaa, jueni hata mimi nashangaa. Kikwazo ni mama yake, ambaye moyoni nilishaanza kumwita mama mkwe, ingawa mwenyewe alikuwa hajaniruhusu hata kumaliza soda sebuleni kwake.

Siku chache kabla ya siku hiyo ya beji alinipa sharti lake.

"Simamia kazi moja, tangu inaanza mpaka inakwisha," alisema. "Ukiweza, walete wazee wako Jumapili tuzungumze. Usipoweza, mwache mwanangu na cherehani yake."

Ndipo dada yangu akaniombea kazi ya siku moja kwa rafiki yake, nyuma ya jukwaa, kwenye tamasha la muziki wa asili. Alinisihi nisimwaibishe. Alisema kazi ya siku moja hata mimi siwezi kuishindwa. Dada ananipenda, lakini hanijui vizuri.

Rafiki huyo wa dada watu wote walimwita Filimbi, kwa kuwa filimbi haikumtoka mdomoni. Alipuliza kuwaita watu, akapuliza kuwafukuza, na ulipomsalimia alikujibu kwanza kwa kupuliza. Alinishika mkono akanipitisha kwenye korido la nyuma ya jukwaa, nami nikaona kazi iliyonisubiri.

Korido lilikuwa limejaa. Marimba zimesimamishwa ukutani, kayamba zimerundikwa juu ya meza, wanaume wameinama wanafunga njuga miguuni, na wanawake wanagombea kioo kimoja chenye ufa. Mzee mmoja wa zeze alikuwa amejifungia chooni kwa sababu humo tu ndimo alimoweza kuzisikia nyuzi zake, na foleni ya nje ilikuwa inamtukana kwa adabu.

Filimbi aliniambia kazi yangu ni vyombo. Nibebe, nianike juani vile vya ngozi, nigeuze, nirudishe. Hayo tu. Kisha akanionya kwamba kundi lisilokuwa tayari likiitwa linapitwa, na likishapitwa halirudishwi, hata awe anaimba nani.

Nikamwambia nimeelewa. Kuelewa sijawahi kushindwa.

Nilibeba vyombo asubuhi nzima bila kuvunja kitu. Mchana ulipoingia nilikuwa bado nina beji, na nikaanza kujisikia mtu. Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia wanawake wa kundi moja wakiwa wamevaa khanga za sare, na mbele yao nani kama si mama mkwe mwenyewe.

Dada hakuniambia kwamba mama mkwe ni mwimbaji. Fundi naye hakuniambia, akidhani najua. Mimi nilijua tu kwamba ana sauti ya kunikemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akanijibu. "Bado upo?"

Nikamwambia bado nipo. Akatazama saa ya ukutani, akatazama beji yangu, akasema vizuri, na yeye yupo mpaka mwisho. Kisha akatafuta kiti, akakiweka mahali ambapo angeweza kuliona korido lote, akakaa.

Nyuma yake alikuja mjomba wake Fundi, ambaye ndiye mpiga ngoma wa kundi. Huyu mjomba ni mtu wa maneno ya kupima. Fundi aliwahi kuniambia kwamba siku ya harusi yake mwenyewe alijibu kwa kutikisa kichwa. Alikuwa amebeba ngoma kubwa begani, ngozi imezeeka, mbao zimeng'aa kwa kushikwa. Akaitua mbele yangu polepole, kama mtu anayemkalisha mgonjwa.

"Huyu ni Bibi," alisema. "Mwanike."

Akaenda kunywa chai.

Bibi ndilo jina la ngoma ile. Katika familia hiyo huzungumzwa kama mtu. Bibi amechoka, Bibi hapendi baridi, Bibi leo kaamka vizuri. Mama mkwe haimbi bila yeye. Nilipombeba kumpeleka uani nilihisi nimepewa roho ya mtu nikaishike, na nikaapa leo nitafanya kazi ambayo hata mama mkwe ataikubali.

Nikamweka juani. Nikamzunguka. Ndipo nilipoona katikati ya ngozi pana donge jeusi, la kunata, limejaa vumbi, na nzi wawili wamenasa humo wamekufa.

Nikasikitika. Ngoma ya heshima namna ile, halafu uchafu katikati ya uso. Nikajiambia hawa watu wanasafiri sana, hawana muda wa kuitunza.

Wasomaji wangu, kimbelembele ni ugonjwa. Filimbi aliniambia nibebe, nianike, nigeuze, nirudishe. Hakuna mahali aliposema nisugue. Lakini nilikuwa nimeshapata kijiko kwa wanawake wa chai, na maji ya moto, na kipande cha sabuni. Nikabandua lile donge lote. Nikalimwagia maji ya moto mferejini likayeyuka, likaenda. Nikaifuta ngozi kwa kitambaa chenye unyevu, nikaikausha, nikaipaka mafuta kidogo. Bibi aling'aa mpaka nikatamani mama mkwe aje amuone palepale.

Aliyekuja ni Fundi. Alikuwa amebeba furushi la magauni ya kundi aliyomaliza kuyashona asubuhi hiyo. Alikuja anatabasamu, akamtazama Bibi, tabasamu likakatika.

"Nani amemnyoa Bibi?"

"Nimemwogesha," nilisema kwa fahari. "Alikuwa na uchafu hapa katikati."

Fundi akaweka furushi chini. Aliongea taratibu, kama mtu anayezungumza na aliyeanguka kutoka kwenye ngazi.

"Ule haukuwa uchafu. Ile ni nta. Mjomba anaikanda na masizi, anaibandika pale. Ndiyo inayompa Bibi sauti nzito."

Nikampiga Bibi kofi dogo. Akalia kama sahani ya bati. Nikampiga tena, nikitumaini mara ya kwanza alikuwa ameshtuka tu. Sahani ile ile.

Fundi alinieleza kwamba mama yake huisikiliza ngoma ile kabla hajafungua mdomo, na pale inapotua sauti ya Bibi ndipo naye anapoiweka yake. Akimsikia analia hivi, hatapanda jukwaani. Asipopanda, kundi linapitwa. Likipitwa, atauliza ni nani.

"Tumwambie ukweli?" nikauliza.

"Tukimwambia sasa, Jumapili imekufa," alisema Fundi, na macho yake yalikuwa yamejaa. Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili ya mama mkwe, kwa ajili ya macho yale.

Tukaanza kuhangaika. Nta ya mjomba ilikuwa nyumbani, na nyumbani ni mbali. Fundi alikuwa na kipande cha nta anachopitishia uzi, kidogo kama ukucha. Tukakibandika, Bibi akalia kama sahani iliyo na tonge. Nikaomba mshumaa kwa fundi wa taa, nikauyeyusha, nikaumimina. Ukaganda vizuri. Nilipompiga Bibi ukapasuka, ukaruka, ukampiga kuku wa jirani.

Ndani filimbi ilikuwa inalia, kundi baada ya kundi linaitwa. Fundi alikuwa amekaa juu ya furushi la magauni ameshika tama. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya ua, nimeishiwa, ndipo harufu ikanifikia. Mikate. Ukuta wa ua ule, upande wa pili, ni kwa yule mwokaji wangu.

Nikamwambia Fundi ninakwenda kuleta donge la unga uliokandwa. Ni zito, linanata, halipasuki. Fundi akanitazama, akafikiri, akasema inaweza kukubali. Nikaruka ukuta.

Mwokaji aliponiona mlangoni kitu cha kwanza alichofanya ni kushika ufunguo wa stoo. Siku hizi ameufunga kwa mnyororo kiunoni. Nikamsalimia, nikamwomba msamaha, na katika pumzi ile ile nikamwomba unga. Akauliza wa nini. Nikamwambia ukweli kwa kadiri nilivyoweza, kwamba bibi wa mama mkwe amepoteza sauti na mimi ndiye niliyemsugua.

Akaupapasa tena ufunguo. Kisha akakata donge kubwa kutoka mezani, akanitupia.

"Chukua, uende kabla sijakumbuka ulichonifanya."

Nikachota na masizi kwenye mlango wa tanuri ili rangi ifanane. Nilipokuwa natoka alinipigia kelele kwamba donge lile niliweke mahali pa baridi. Nikamjibu ndiyo, bila hata kugeuka.

Mnanicheka tayari, nawasikia. Kila mtu anajua mkate unaumuka. Mimi pia nilijua. Lakini kwa mwokaji nilifanya kazi nusu siku, nikafukuzwa tukiwa bado tunakanda. Habari za mchana sikuziona kwa macho.

Tuliukanda unga ule na masizi mpaka vidole vyetu vikawa vyeusi. Fundi akaubandika katikati ya ngozi, akausawazisha kwa kiganja, taratibu, kama anavyosawazisha pindo la gauni. Kisha akanipa ishara nipige.

Nikapiga. Bibi akaguna kwa ile sauti nzito inayoingia tumboni kabla ya kuingia masikioni. Fundi akacheka, akanishika mkono na vidole vyake vyeusi, hakuuachia upesi. Nawaambia kweli, wakati ule nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote mjini.

Mjomba akarudi. Akamgonga Bibi kwa kidole, akasikiliza. Akainama, akanusa. Akanitazama mimi, akatazama upande wa tanuri la jirani, nadhani akaamua ni upepo. Akatikisa kichwa kukubali, akaniashiria nimbebe.

Basi ningekuwa nimeokoka, kama si wazee wa marimba.

Wazee wa marimba ndio waliotangulia kundi la mama mkwe, na wazee wale walipopanda jukwaani walikataa kushuka. Kila wimbo ulipofika mwisho mmoja wao aligonga kijiti, wengine wakamfuata, wakaanza upya. Filimbi alipuliza mpaka mashavu yakamvimba. Wao walidhani anawasindikiza.

Wakati wote huo Bibi alikuwa pembeni mwa jukwaa, chini ya taa kubwa, mahali pa joto kuliko pote ukumbini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemweka pale. Nilidhani ngoma hupenda joto.

Hatimaye wazee walishuka kwa makofi, kundi la mama mkwe likaitwa, likapanda. Nami nikajibanza nyuma ya pazia pamoja na Fundi kutazama. Sikuwahi kumwona mama mkwe amesimama namna ile. Alikuwa amevaa gauni aliloshonewa na mwanawe, mikono ameikunja kifuani, na ukumbi ulinyamaza bila kuambiwa.

Mjomba akampiga Bibi. Mama mkwe akaipokea sauti, akaanza kuimba, na mwili wangu wote ukasisimka. Nikamwambia Fundi kwamba mama yake ni mtu mwingine kabisa. Fundi akasema hapana, huyu ndiye, wa nyumbani ndiye mwingine.

Ubeti wa pili ulipofika niliona kitu. Mjomba alikuwa anaitazama ngoma yake. Kila akipiga, mkono wake ulikuwa unachelewa kurudi. Donge lilikuwa limevimba, limekuwa kama kofia, na bado linapanda. Sauti ya Bibi ikashuka chini kidogo. Kisha ikashuka tena.

Mama mkwe naye akashuka nayo. Si mtu wa kumwacha Bibi peke yake. Bibi akazidi kushuka, mama mkwe akashuka, wanawake wa nyuma wakamfuata, mpaka kundi zima la wanawake likawa linaimba kwa sauti za wanaume. Watu walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama kile. Walidhani ndio ufundi wenyewe. Vigelegele vikaanza upande mmoja wa ukumbi, vikazunguka.

Fundi alikuwa ameniuma begani asicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona Jumapili inaondoka.

Kisha donge likachoka kukaa. Pigo moja likalipasua, na kila pigo lililofuata likarusha kipande. Kimoja kilimpata mama mkwe shavuni, hakukipangusa, aliendelea kuimba. Kingine kikatua kwenye miwani ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi akapiga makofi, kwa kuwa hakujua afanye nini.

Na hapo mjomba, ambaye hata harusini kwake hakuongea, akaanza kucheka.

Alianza kwa mabega. Akajizuia, akapiga pigo moja, unga ukamrukia puani, basi ikawa mwisho wake. Alicheka mpaka akamkumbatia Bibi asianguke. Ngoma ikanyamaza. Mama mkwe hakugeuka nyuma. Alipiga makofi mwenyewe, wanawake wakapokea kwa makofi, akaumaliza wimbo hivyo hivyo bila ngoma, kwa sauti yake tu. Ukumbi wote ulisimama.

Watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni wakitaka tena. Nyuma ya pazia hali ilikuwa nyingine. Filimbi alinijia mkono ameunyoosha, na filimbi ameitoa mdomoni. Nilijua maana yake.

"Beji," alisema.

Nikaanza kuivua. Ilikuwa imefika masikioni mama mkwe aliposhuka, gauni limechafuka masizi na unga ungali shavuni. Nyuma yake mjomba, anacheka na kwikwi zimemshika. Korido lote likageuka. Hata mzee wa zeze alitoka chooni kutazama.

Mama mkwe akautoa ule unga shavuni. Akaunusa. Akaweka kidogo kwenye ulimi.

"Chumvi haitoshi," alisema. "Nani?"

Kabla sijafungua mdomo Fundi alikuwa mbele yangu. "Ni mimi, mama."

Katika maisha yangu watu wengi wamenisukumia makosa. Hakuna aliyewahi kunichukulia langu. Nilipomwona msichana yule amesimama mbele ya mama yake na vidole vyeusi, anadanganya kwa ajili yangu, nikamsogeza pembeni.

"Si kweli, mama," nikasema. "Ni mimi. Niliibandua nta ya Bibi nikidhani ni uchafu. Yeye alikuwa ananiokoa tu."

"Kwa nini uliigusa?"

Nilitafuta jibu zuri, nikalikosa, nikampa la kweli. Nikamwambia nilitaka akipanda jukwaani aone kuna mtu amemhangaikia.

Alinitazama mpaka nikaona afadhali angenifokea. Nje watu walizidi kupiga miguu, ukuta unatetemeka. Filimbi akakohoa, akauliza kama kundi litarudi au aite linalofuata, maana hawezi kukaa na jukwaa tupu.

"Tunarudi," alisema mama mkwe. Kisha akaonyesha beji iliyokuwa imening'inia sikioni mwangu. "Na huyu mrudishie. Kazi haijaisha, watu si bado wamo?"

Nilitaka kumshukuru. Hakunipa nafasi.

"Umemharibu Bibi," alisema. "Utampiga wewe."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba sijawahi kupiga ngoma maishani, hata meza sijawahi kuipiga ikatoka vizuri. Akasema hakuniuliza. Mjomba alikuwa hawezi, mikono inamtetemeka kwa kicheko, atashika ngoma ndogo na kwikwi zake. Bibi ni wangu.

"Ukishuka kabla sijamaliza kuimba," alisema akitengeneza khanga yake, "Jumapili wazee wako wapumzike nyumbani."

Akapanda.

Fundi aliubandua unga uliobaki upesi upesi, akaacha tabaka jembamba katikati ya ngozi. Akanifuta mikono kwa ncha ya khanga yake. Kisha akakishika kiganja changu, akanigongea kwa kidole.

"Mzito, mzito, ngoja," alininong'oneza. "Usimkimbize mama. Msikilize anavyopumua."

Nikamwambia sitaweza. Akasema najua, nenda.

Nikajikuta juani, maana taa zile si taa, ni jua. Watu walikuwa wengi kuliko walivyoonekana kutoka nyuma ya pazia. Kuna aliyenitambua kule nyuma, nikasikia jina langu linatembea kutoka kiti hadi kiti, Nusu Siku, Nusu Siku, na vicheko vinalifuata. Nikakaa nyuma ya Bibi.

Wanawake wa kundi walikuwa wanaulizana wanaimba upi. Walinong'ona huu, wengine wakasema ule. Mama mkwe aliwapita. Alisogea mbele, akafumba macho, akaanza mwenyewe, bila ngoma, kwa sauti ndogo iliyomfanya hata Filimbi aliyekuwa pembeni aache kutafuna kucha.

Wanawake walitazamana. Mmoja akashika kifua.

Nikasikia kwikwi za mjomba zimekatika. Nikageuza shingo. Mjomba hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama dada yake mgongoni, na alipozungumza alizungumza mfululizo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Wimbo huu aliutunga mwenyewe," aliniambia chini chini. "Aliuimba siku anamwoza binti yake mkubwa. Tumembembeleza miaka yote autie kwenye maonyesho, anakataa. Anasema si wimbo wa watu, ni wa mabinti zake."

Nikatazama kwenye pazia. Fundi alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanashuka juu ya vidole vyake vyeusi.

Mama mkwe akaumaliza mstari wa kwanza. Hata mimi nisiyejua ngoma nilijua kwamba hapo ndipo ngoma huingia. Akafumbua macho, akanigeukia mbele ya ukumbi wote, akaningoja.

Nikainua mikono juu ya Bibi, na sikukumbuka hata pigo moja. Tukutane Jumamosi ijayo.